Kona ya Mwalimu

Kila Jumatano, kabla ya saa nne asubuhi, Mwalimu alikuwa amesimama kwenye lango la chuo chetu akimngoja mtu wa kupandisha ng'ombe. Alivaa koti jeupe la maabara juu ya sweta ya kijani, na kila pikipiki iliyoupanda ule mlima katikati ya mashamba ya chai aliinyoshea shingo. Wanafunzi wageni walidhani ana ng'ombe asiyeshika mimba. Sisi wa mwaka wa nne tulijua anangoja baridi.

Baridi yenyewe ilikuja kwenye mtungi wa alumini uliofungwa kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki. Ndani mlikuwa na naitrojeni ya majimaji, ambayo huchemka ikiwa nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Watu wa kupandisha ng'ombe huhifadhi humo mbegu za fahali. Huku kwetu, kuanzia Kericho hadi Bomet, kila boma lina majani chai mbele na ng'ombe wa maziwa nyuma, kwa hiyo kila kijiji kina mtu mwenye mtungi kama huo. Yaani kila kijiji kina baridi ya kutosha kufanya fizikia ambayo watu wa vyuo vikubwa vya mbali wanaifanya kwa mashine za kujaza chumba. Sijui ni nani mwingine aliyewahi kuliona jambo hilo. Mwalimu aliliona, akaenda kumsalimia jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Daktari. Alikuwa na cheti cha kupandisha ng'ombe na mikono mirefu, na kutoka Kabianga hadi Silibwet hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Mwalimu alikuwa na shahada mbili za fizikia na mvi za darasani, lakini kwa sababu hakuwa na ile ya tatu, chuoni aliitwa Mwalimu tu, huku vijana aliowafundisha yeye mwenyewe wakiitwa madaktari. Daktari alilijua hilo na hakuacha kulichezea.

"Chamgei, Mwalimu," alikuwa akisalimia akizima pikipiki. "Daktari amefika. Mgonjwa ni nani leo?"

"Mgonjwa ni wewe, umechelewa. Kuna kiasi gani?"

"Nusu. Ng'ombe za Silibwet zimenimaliza. Zote zilipata joto siku moja, sijui zilipigiana simu."

"Nusu inatosha."

"Basi saa saba kamili nachukua mtungi yangu. Gari ya kujaza ikinipita, ndama za watu zinangoja hiyo kitu. Utazizaa wewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Daktari alikuwa na mitungi miwili, na Jumatano gari la naitrojeni lilipita kuijaza. Alfajiri alihamisha mbegu zote kwenye mtungi mpya, akatuachia mabaki ya ule mkuukuu hadi saa saba. Kwa malipo Mwalimu alimtengenezea taa za pikipiki, na alimchongea kijiti chenye alama cha kupimia naitrojeni imebaki kiasi gani. Ng'ombe hangoji, na gari halingoji, kwa hiyo na fizikia yetu ilizoea kwenda mbio.

Mimi nilifika chuoni nikiwa nimeshagombana na mchungaji wetu, na kiongozi wa kwaya, na mama yangu kuhusu miti ya dawa. Sikuamini kitu ambacho sijakiona, na nikikiona niliuliza kimefungwa na nini. Siku ya kwanza Mwalimu aliingia darasani akauliza kama kuna mtu ambaye haamini kitabu. Nikainua mkono.

"Unatoka wapi?"

"Silibwet."

"Silibwet, kwa nini huamini?"

"Aliyekiandika simjui."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nifike maabara Jumatano, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Silibwet. Kila mwanafunzi, Mwalimu alimwita kwa jina la anakotoka. Rafiki yangu mrefu wa kutoka Fort Ternan aliitwa Fort Ternan hata siku alipokuwa amelazwa na malaria, Mwalimu akisimama mlangoni mwa wadi kumwuliza muuguzi, "Fort Ternan iko kitanda gani?"

Maabara yake ilikuwa chumba chenye meza tatu, tanuri moja la umeme, na kinu cha kauri. Tulichotengeneza humo kilikuwa kijiwe cheusi, kidogo kama kifuniko cha soda. Unachukua unga mweupe aina mbili na unga mweusi wa shaba iliyoungana na oksijeni. Unausaga pamoja hadi bega lilie, unauoka kwa siku nzima kwenye joto la kuyeyusha glasi, unautoa na kuusaga tena, kisha unaushindilia na kuuoka mara ya mwisho polepole ili uvute oksijeni hewani. Ukifanya vizuri, kijiwe hicho kikitiwa kwenye naitrojeni, umeme unapita ndani yake bila ukinzani wowote. Si ukinzani mdogo. Hakuna kabisa. Wenyewe tunaita supakondakta.

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa na aliimba sauti ya chini kabisa. Kila alipofunga mlango wa tanuri aliinamisha kichwa, midomo ikatikisika. Mwanzoni nilidhani anahesabu dakika.

"Mwalimu," nilimwuliza, "unaombea tanuri?"

"Tanuri ni nzima. Naombea stima."

"Na stima ikipotea?"

"Naombea hata waliotupotezea."

Mimi nikasema sala haijawahi kuzuia stima kupotea, na kwamba tungeweza kupima jambo hilo: tuoke mara kumi kwa sala na mara kumi bila. Alilifikiria kwa uzito kabisa. Akasema hatuna unga wa kutosha kwa mara ishirini, ila nikipata, atashika sala na mimi nishike zile kumi nyingine.

Ndivyo alivyokuwa. Ungemwambia mvua inakuja, angetoka nje kutazama. Saa ya ukutani aliilinganisha na ya mkononi, na ya mkononi na redio. Alikataa kukubali uzito ulioandikwa kwenye pakiti ya sukari, akaupima, akaupata sawa, na akaonekana kusikitika kidogo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwafundisha sentensi moja kabla ya nyingine zote: "Chombo ni shahidi. Mhoji kama shahidi." Darasani alifundisha kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, lakini alipotaka tumwelewe alihamia Kiswahili, na alipokasirika alihamia lugha ya kwao ya ziwani, ambayo wengi wetu hatukuijua, kwa hiyo hasira yake haikuumiza mtu.

Pamoja na hayo yote, kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mwalimu hakukihoji. Kitu hicho tulikiita Kona.

Kwanza nieleze alichokuwa anatafuta. Ukipoza mawe haya ya shaba, kabla hujafika kwenye ule ubaridi wa umeme kupita bure, kuna jambo linatokea juu zaidi, kwenye joto ambalo bado kitu hakina haki ya kutokea. Sehemu ya elektroni zinaacha kuitikia. Ukizihesabu unakuta pengo, lakini pengo lisilotimia, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu aliliita pengo bandia. Dunia nzima ya watu wa fizikia imeligombania kwa miaka mingi na haijapatana. Wapo wanaosema elektroni zimeshashikana mbili mbili, ila kila jozi inaenda kwa hatua yake. Zikipata baridi ya kutosha zote zitaenda hatua moja, na hapo ndipo ukinzani unapokufa. Wengine wanasema hapana, hilo ni jambo tofauti kabisa, na tena ni mpinzani, linanyang'anya elektroni ambazo supakondakta ingezihitaji.

Mwalimu alikuwa wa kundi la kwanza. "Wamechumbiana," alisema. "Wazazi wamekutana, maziwa ya mursik yamenywewa. Harusi tu ndiyo bado."

"Au," nikasema mimi, "kuna kanisa jipya limefunguliwa ng'ambo ya barabara, na linachukua waumini. Wewe unaona viti vimebaki wazi, unasema watu wako nyumbani wanajiandaa kwa harusi."

Alicheka hadi akashika meza. Jumapili iliyofuata, niliambiwa, aliutumia mfano huo kanisani, na wazee wenzake hawakucheka.

Basi ukipima ukinzani wa jiwe hilo huku unalipoza, unapata mstari ulionyooka unaoshuka. Pengo bandia likianza, mstari unaondoka kwenye unyoofu na kuinama kidogo. Mistari ya vijiwe vya Mwalimu, ambavyo tuliviita vidonge, iliinama. Karibu nyuzi themanini chini ya sifuri, mstari wetu ulishuka upande kama njia ya miguu inayokwepa shimo. Ndiyo ile Kona. Alikuwa na grafu zake kwenye faili saba, na tasnifu yake ya udaktari ilisimama juu yake: kwamba hapa, kwa kinu cha mkono na mtungi wa mbegu za fahali, tumeliona pengo bandia waziwazi kuliko wenye mashine. Tasnifu ilimchukua miaka kumi na moja. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa ameshachagua kitambaa cha sherehe, cha rangi ya zambarau, na alitufungulia kabati kutuonyesha.

Nami nilikuwa na mambo matatu yaliyonikwaruza.

La kwanza, Kona haikusogea. Ukipunguza oksijeni kwenye kidonge, pengo bandia linapaswa kuanza mapema zaidi. Hilo hata makundi yanayogombana yanakubaliana. Sisi tulioka vidonge kwa namna mbalimbali, na Kona ikakaa palepale kama nguzo ya simu. Mwalimu alisema labda oksijeni yetu haikutofautiana vya kutosha.

La pili, vidonge vyetu viligeuka supakondakta mapema kuliko vya vitabuni, kwa nyuzi kadhaa. "Hewa ya mlimani," alisema Mwalimu, na macho yake yalijaa fahari kama ya mtu ambaye majani yake yamepewa daraja la kwanza.

La tatu, hatukuwahi kupima tukipanda. Tulishusha fimbo yenye kidonge na kipimajoto, kidogo kidogo, kwenye shingo ya mtungi, tukiandika, hadi kikagusa naitrojeni. Kuirudisha juu kwa mwendo uleule kungetaka muda mwingine kama huo, na saa saba Daktari alikuwa mlangoni.

"Kidonge hakijui kama kinakwenda au kinarudi," nilimwambia. "Tukipima kikirudi tutapata mstari uleule. Kwa nini tusihakikishe?"

"Silibwet, gari la naitrojeni likimpita Daktari, wewe utaenda kuwaeleza akina mama?"

Mama yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe wawili kwenye orodha ya Daktari.

Jumatano iliyobadilisha mambo ilikuwa wiki ambayo tasnifu ilitoka kwa mfunga vitabu mjini, nakala tano zenye jalada gumu la buluu, zipelekwe ofisini Jumatatu. Saa saba kamili Daktari aliingia, na nyuma yake mvua ya mawe. Anayeishi hapa anaijua. Inaanza na ngurumo moja, halafu paa la bati linaanza kupigwa kama ngoma ya watu mia, na ukichungulia nje chai inachanwa kana kwamba imechumwa na wehu. Simu ya Daktari ikalia. Dereva wa gari la naitrojeni alikuwa amekwama matopeni chini ya mlima.

"Basi," akasema Daktari, akavuta stuli. "Nipeni chai. Leo tumefungwa pamoja kama ng'ombe kwa dipu."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama mtungi. Kidonge kilikuwa chini, kwenye baridi yake.

"Pandisha," akasema. "Polepole."

Tulipandisha kwa zaidi ya saa moja. Mimi nilisoma, yeye aliandika, Daktari alikunywa chai na kutueleza ng'ombe gani wa chifu alimpiga teke wapi. Sehemu ya chini, isiyo na ukinzani, ilikuwa sawa. Kisha nikaona nukta zinaondoka mahali pake. Tulipokuwa tunashuka, zilikaa chini ya mstari. Sasa zilikuwa zinakaa juu. Zilipanda hivyo hadi karibu nyuzi themanini, halafu zikarudi kwenye mstari kimya kimya. Kona ilikuwa imegeuka nyuma. Na pale kidonge kilipoacha kuwa supakondakta, kipimajoto kilisoma chini ya vitabu, si juu.

Nilijua kabla ya kumaliza grafu. Kidonge hakikuwa kimefanya lolote. Kipimajoto kilikuwa kinachelewa. Tukishuka kilidhani bado kuna joto. Tukipanda kilidhani bado kuna baridi. Kuna kitu kati ya kipimajoto na kidonge kilichokuwa kinaachia.

Mwalimu alifungua kichwa cha fimbo akiwa amevaa glavu, akakiweka mezani kwenye gazeti. Sehemu kipimajoto kilipogusana na kidonge palikuwa na mafuta meupe ya kushikisha baridi. Daktari aliinama, akanusa.

"Lakini hii si jeli yangu?"

"Jeli ipi?" nikauliza.

"Ya kukamulia. Ya kupaka chuchu. Si nilimpa Mwalimu mkebe, zile mafuta zake za maabara zilipoisha?"

Mwalimu akasema ndiyo, ni miaka sasa.

"Haki, Mwalimu, si ungeniuliza. Hii haiwezi baridi. Kidogo ikae karibu na mtungi inapasuka kama ugali ya jana. Mimi huiweka kwa mfuko ya suruali." Alitoa kopo dogo mfukoni kututhibitishia. Kisha akaona nyuso zetu. "Nimesema mbaya?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Umesema vizuri sana."

Mvua ya mawe ilikuwa imekoma. Daktari alichukua mtungi wake akaenda, na Mwalimu akaketi kwenye ile stuli.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Kwa muda wa kama kunywa kikombe cha chai nilifurahi sana, maana nilikuwa nimeshuku, na ilikuwa kweli. Nilikimbia bwenini kumwambia Fort Ternan. Alinisikiliza hadi mwisho, mguu mmoja juu ya kitanda.

"Manze, umemmaliza mzee."

"Nimesema ukweli."

"Sijasema umesema uongo. Nimesema umemmaliza."

Siku ya pili nilimkuta Mwalimu maabara mapema, zile nakala tano za buluu mbele yake, na ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Mimi, ambaye nilikuwa nimemwudhi kila mtu kwa ajili ya ushahidi, nilianza kumtafutia mlango wa nyuma. Nikamwambia wasahihishaji hawatauliza ni mafuta gani. Nikamwambia Kona ni sura mbili tu kati ya saba. Nikamwambia anaweza kuandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba vipimo vya kupanda vitafanywa baadaye.

"Silibwet," akasema. "Hiyo ni sauti yako kweli?"

"Mama ameshashona nguo, Mwalimu."

"Nguo itavaliwa. Mama hana shida ya mahali pa kuvaa nguo." Akapangusa miwani. "Nikiwa daktari kwa jeli ya ng'ombe, nitamtibu nani?"

Kisha akacheka, na halikuwa cheko la kujikaza. Alisema kinachomchekesha ni kwamba miaka yote hiyo alihoji sukari, alihoji redio, alihoji mvua, na mkebe mmoja ukapita bila swali kwa sababu ulitoka kwa rafiki. Aliinua tanuri upande mmoja akaniambia nisukume nakala mbili chini ya mguu mfupi. Zilienea sawasawa. Tanuri halikutikisika tena hadi nikamaliza chuo.

Mwaka uliofuata alistaafu. Sherehe ilifanyika, Mama alivaa zambarau, na kwenye keki waliandika "Kwaheri Mwalimu."

Miaka mitatu ikapita. Mimi nilipata kazi ya kufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana upande wa Bomet. Agosti iliyopita kulikuwa na siku ya wakulima pale Silibwet, na mama yangu alitaka kwenda kuona mbegu za viazi, nikaenda naye. Kulikuwa na mahema, spika, watu wa dawa za kupe. Kwenye hema la upandishaji ng'ombe palikuwa na umati mkubwa kuliko kote, nikadhani wanagawa kitu bure. Nikajipenyeza. Daktari alikuwa amesimama nyuma ya picha za mafahali, na kando yake, kwenye kiti cha plastiki, Mwalimu. Mbele yake palikuwa na bakuli linalotoa ukungu. Ndani ya bakuli, kidonge cheusi. Juu ya kidonge, hewani, kisumaku kilielea na kuzunguka peke yake.

Mama mmoja mzee mwenye gumboti alikuwa ameinama hadi pua inakaribia ukungu.

"Iko na uzi," akasema.

"Pitisha kidole, mama," akasema Mwalimu.

Alipitisha kidole juu, akapitisha chini, akapitisha tena upande wa pili. "Basi uzi iko ndani," akasema, na Mwalimu alimtazama kwa upendo ambao ningeweza kuuonea wivu.

Aliponiona hakusema habari. Alisema, "Silibwet, umerudi kwenu." Daktari alinisalimia kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimesoma kazi yake.

"Kazi gani?"

"Hukusikia? Mimi nimeandika. Mimi na Mwalimu. Mwandishi ya pili ni mimi."

Ilikuwa kweli. Mwalimu alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu lile kosa: jeli ilivyoachia, Kona ya uongo inavyofanana na pengo bandia, na namna ya kuigundua kwa kupima kushuka na kupanda. Aliituma kwa jarida dogo, na jarida likaichapisha. Katika maisha yake yote alikuwa ameandika makala kadhaa na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua. Kwa hii aliandikiwa na watu watatu. Mmoja alikuwa amepima miaka minne kwa nta ya mshumaa. Alisema alisoma ile makala akiwa amesimama, akaketi.

"Kwa hiyo Kona imekwisha," nikasema.

Mwalimu alimwachia Daktari bakuli, akanipeleka nyuma ya hema, penye magunia ya chakula cha ng'ombe, na kutoka mfuko wa ndani wa koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa grafu ya penseli. Mistari miwili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda, imelaliana hadi ilibidi niigeuzie jua nione kwamba ni miwili. Chuo kilikuwa kimemruhusu kutumia maabara siku za Jumamosi.

"Unaona nini?"

Niliona mstari ulionyooka. Kisha, chini zaidi ya pale Kona ya zamani ilipokaa, nikaona ukiinama. Kidogo sana. Kama ungekuwa na haraka ungeupita.

"Mafuta gani?"

"Yale yenyewe ya maabara. Chuoni waliniletea."

"Ulipima ukipanda?"

"Hiyo hapo."

"Ulibadilisha kipimajoto?"

"Viwili. Kimoja kila upande."

"Ulipunguza oksijeni?"

Akaigeuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na kidonge kilekile kilichookwa upya, oksijeni kidogo zaidi. Mwinamo ulikuwa umesogea. Ulikuwa umesogea upande unaopaswa.

Nilitafuta swali jingine. Nilitafuta kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko ambayo ameshaipekua. Kutoka upande wa pili wa hema tulimsikia yule mama mwenye gumboti akimwambia Daktari alete mkasi, akate uzi.

"Endelea," akasema Mwalimu.

"Sina swali."

"Huna?"

"Naiona, Mwalimu. Iko."

"Mimi ninalo moja," akasema, akaikunja karatasi mara nne tena, polepole. "Hicho ni kidonge kimoja. Kidonge kimoja ni uvumi. Nahitaji vingine vinne, na bega langu halisagi tena." Alinitazama kwa yale macho ya langoni. "Jumamosi una kazi?"

Nilimwambia ninayo, nina mitihani ya wasichana mia moja na ishirini ya kusahihisha, na matokeo yanatakiwa Jumatatu. Akasema anaelewa kabisa, kazi ni kazi. Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa maabara nimekumbatia kinu, nasaga unga mweusi, naye ameketi kwenye stuli akiniambia bado, bado, endelea.